Kucheka Baada ya Robi

Genkuru,
6 Februari 1994
Kwa mkono wa Athanas

Mke wangu Wegesa,

Nimefika. Gari la Athanas lilitushusha njia panda, tukamalizia kwa miguu na mizigo kichwani. Nimepatana naye: kila akija huku kuuza mahindi na maharage atabeba barua zetu, yangu akirudi, yako akija.

Usidhani Genkuru ni mji. Ni turubai na vibanda vya nyasi, vumbi jekundu, na watu wa kila kabila waliosikia kuna dhahabu. Mimi nimepata kazi ya ufundi wangu wa mbao. Naweka matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisianguke. Shimo lenyewe wanaliita duara. Aliyenipokea kwenye duara ni Otieno, Mjaluo wa ng'ambo, upande wa Migori, mtu mkubwa wa mwili na mpole. Usiku nalala kibanda kimoja na Faridu, Mwislamu wa Mugumu, fundi cherehani. Amewafuata wachimbaji na cherehani yake, kwa sababu suruali zinachanika kila siku.

Siku naondoka uliniuliza maisha haya yanatupeleka wapi. Sikukujibu kwa kuwa mama alikuwa amesimama pale. Jibu langu ni hili: nipe muda. Nikipata, tutahama hiyo nyumba. Tutajenga nyingine ya bati kule juu karibu na shamba la Heche, na hapo ndipo tutaanza kuishi vizuri. Kwa sasa tuvumilie tu.

Mwambie Heche asisahau zizi. Baiskeli nimeitundika ghalani, iache hapo hapo.

Na jambo moja. Kwenye barua usiniite Baba Robi. Niite jina langu, kama zamani.

Mumeo,
Stanslaus


Itiryo,
20 Machi 1994

Stanslaus,

Mkono wangu haujazoea kuanza hivi, lakini umeomba.

Nyumbani tuko wazima. Mvua zimeanza, na mdogo wako Heche ametusaidia kulima shamba la chini, mahindi yameota. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mama yako goti bado linamsumbua ila mdomo ni mzima, asubuhi yote anagombana na kuku.

Nina jambo nataka kukueleza, sijui nianzie wapi. Tangu tulipomzika Robi nimekuwa naamka asubuhi nikitamani jua lizame. Siyo kwamba nilitaka kufa, hapana. Nilitaka tu siku iishe. Nikichota maji nataka maji yaishe, nikipika nataka kupika kuishe, na jioni ikifika sina ninachokitaka. Juzi nikiwa napepeta wimbi nikajiuliza: siku zote hizi ninazozimaliza, nikishazimaliza nitabaki na nini? Wewe unasema tuvumilie mpaka nyumba ya bati. Nilijaribu, mume wangu. Imenishinda.

Basi nimeanza kufanya vitu vidogo visivyo na sababu. Asubuhi nahamishia kigoda nyuma ya nyumba, pale jua linapopenya kwenye migomba, nakunywa uji wangu nikiwa nimekaa, si kuzunguka na bakuli mkononi. Mama aliniona akauliza, "Unaumwa?" Nikamwambia, "Siumwi, mama. Nakunywa uji."

Halafu nikashusha baiskeli.

Najua ulisema iachwe. Lakini kila nilipoingia ghalani kuchukua mtama ilikuwa inanitazama. Nikaona ama niitupe mtoni ama niipande. Nimejifunzia kiwanja cha kanisa, watoto wa Heche wakinishika nyuma. Siku ya kwanza niliingia kwenye matope mzima mzima, kiatu kikaruka huko. Nikasikia mtu anacheka kwa sauti kubwa, nikageuka nione ni nani huyo asiye na adabu. Alikuwa ni mimi.

Sasa naenda mpaka gulioni bila kushuka. Wazee wakiniona wananyamaza mpaka nipite. Na mama, ambaye mwanzoni alisema mwanamke juu ya baiskeli ni mkosi, Jumapili aliniita pembeni akasema goti halitamfikisha kanisani. Nikampakia nyuma. Alinishika kiuno akipiga kelele, "Polepole, mura! Polepole!" Ananiita mura kama kijana wa kiume! Watu walitoka majumbani kututazama.

Nimekuandikia haya ili na wewe ufurahi.

Mkeo,
Wegesa


Genkuru,
17 Aprili 1994

Wegesa,

Barua yako nimeipata. Kabla sijaifungua, Athanas alikuwa amekwisha kusimulia kambini kwamba mke wa fundi siku hizi anaendesha baiskeli huku anacheka njia nzima. Watu walicheka. Mimi nilitoka nje.

Unajua baiskeli hiyo ilibeba nini mara ya mwisho nilipoipanda. Unajua vizuri. Uliyemfunga mtoto mgongoni mwangu ni wewe, kwa kanga yako. Halafu unampakia mama pale pale alipokaa Robi, unajifunza na kuanguka na kucheka, kisha unaniandikia ili nifurahi.

Hata mwaka haujafika. Sijui una moyo wa namna gani. Wengine mguu mmoja bado uko makaburini.

Nimemwagiza Heche aje aichukue baiskeli akae nayo kwake. Usibishane naye. Na kama kuna mtu anayekushika nyuma ambaye si mtoto, niambie wewe mwenyewe kabla sijaambiwa na Athanas.

Stanslaus


Itiryo,
8 Mei 1994

Stanslaus,

Heche alikuja. Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa, akasema, "Shemeji, mimi nimetumwa tu." Nikamfungulia ghala, akaikokota. Hakuipanda.

Hakuna mtu. Nimekujibu mara hii moja. Usiniulize tena, swali hilo linanichafua.

Sasa hili la moyo. Unadhani nimemsahau. Stanslaus, nilikuwa nalia juu ya hiyo baiskeli. Pale kwenye kona ya kushukia mtoni, kila mara, kwa sababu ndiyo njia ile. Nalia huku nakanyaga, upepo unanikausha, nikifika gulioni nanunua chumvi na kusalimia watu. Kabla ya hapo nilikuwa silii wala sicheki. Nilikuwa kama jiwe la kusagia, kila kitu kinapita juu yangu. Kilio na kicheko vilirudi siku ile ile. Sikupewa nafasi ya kuchagua.

Wewe uliondoka, na sikulaumu. Lakini aliyebaki kwenye nyumba hii ni mimi. Godoro lake ni mimi niliyelianika, nikalikunja, nikalitoa. Wanawake wakija kuniuliza kama tayari nina mimba nyingine, ni mimi ninayewatafutia jibu. Kwa hiyo makaburi usinifundishe. Nayapita nikienda kuchota maji.

Mama hajaenda kanisani tangu baiskeli iondoke. Amesema nikuandikie maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie mwanangu baiskeli haikumuua mtoto. Homa ndiyo iliyomuua mtoto."

Uji nakunywa bado nikiwa nimekaa. Hilo hukumwagiza Heche.

Wegesa


Genkuru,
14 Agosti 1994

Mke wangu,

Nimekaa muda mrefu bila kuandika. Masika yalijaza duara maji, kazi yetu ikawa kuyatoa kwa ndoo kutwa nzima, na mikono ilikuwa haishiki kalamu. Sasa pamekauka, tumeanza tena kwenda chini.

Yale niliyoandika Aprili niliyaandika na hasira. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Anayekuletea barua hii ni Faridu, yule fundi cherehani. Anakwenda Tarime kununua vitambaa na ameng'ang'ania kupita Itiryo kuwasalimia. Nimemkatalia kwa kila njia, hakusikia. Mpokee vizuri. Ni mtu mwema, lakini ana maneno mengi na anachanganya mambo. Akisema jambo usilolielewa, usibishane naye. Itikia tu. Tafadhali, Wegesa. Itikia tu.

Stanslaus


Itiryo,
4 Septemba 1994

Mume wangu,

Faridu alifika mchana wa jua kali. Akapiga hodi, akamwamkia mama shikamoo, akanigeukia, "Shemeji, mimi ndiye ninayesikiliza mumeo anavyokoroma." Tukacheka. Nilimpa kisu amchinje kuku mwenyewe kwa dini yake, nikapika, akala, akasifu.

Alipomaliza kunawa akafungua mfuko akatoa gauni. Kitambaa cha maua ya njano, kola nyeupe, na mkanda wa kufunga nyuma.

"Hili la Robi," akasema. "Nimelikata kwa kukisia. Baba yake anasema mwaka huu amerefuka sana, sasa sijui kama nimekosea kiunoni. Yuko shule?"

Mama alikuwa anakuja na maji ya kunywa. Akasimama. Nilimtazama nikamwomba kwa macho.

Nikasema, "Yuko shule."

"Darasa la kwanza?"

"La kwanza."

"Tumeambiwa anawashinda wavulana kwa hesabu. Shemeji, sisi kule jioni tukiwa tumechoka hakuna wa kutuchangamsha kama Baba Robi na habari za mwanawe. Siku ile alipomvisha mbuzi kitenge cha bibi yake, wallahi Otieno alicheka akashindwa kusimama!"

Nikaitikia, kama ulivyoniandikia. Nililikunja gauni nikaliweka mapajani. Alitaka kumsubiri amuone, nikamwambia shule iko mbali, watoto wanachelewa. Akatuaga akaenda zake. Mama alikaa chini pale pale na kikombe cha maji mkononi. Alikaa mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia, ndipo akasema, "Mwanangu ameugua kichwa."

Nikamwambia, "Hapana, mama. Hajaugua." Sijui kama nilisema kweli.

Mimi uliniambia nisikuite Baba Robi. Huko wote wanakuita hivyo.

Nilianza barua nyingine kabla ya hii, ya hasira, nikaichana. Ulininyang'anya baiskeli kwa sababu nilicheka, kumbe wewe huko unachekesha kambi nzima na mtoto mzima mwenye afya. Niliona haki yangu ni kukasirika. Lakini habari ya mbuzi ilikuwa haitoki kichwani. Stanslaus, hapa nyumbani Robi hakuwahi kumvisha mbuzi kitenge. Basi hilo amelifanya huko huko.

Wa kwangu ameishia miaka sita. Nimebaki na yale yale, nayarudia mpaka yamechakaa. Wa kwako anarefuka. Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza kitu kingine, na naomba unijibu: anasemaje? Meno ya mbele yameota?

Wegesa


Itiryo,
16 Oktoba 1994

Mume wangu,

Athanas anakuja mikono mitupu. Jana amesema kuna duara limeporomoka huko na hajui ni la nani.

Kama una hasira, andika hasira. Kama una aibu, andika hata jina lako tu kwenye karatasi. Mama haulizi, lakini gari likipita barabarani anasimama.

Wegesa


Genkuru,
30 Oktoba 1994

Mke wangu,

Duara lililoporomoka ni letu. Niko hai. Bega liliteguka, likawekwa sawa, na leo ndiyo kwanza naweza kuandika. Mwambie mama akae chini.

Barua yako ya gauni niliipata asubuhi ya siku ile. Niliisoma nikaitia mfukoni nikashuka nayo shimoni, kwa sababu sikutaka kubaki juu mbele za watu. Chini tulikuwa wawili tu, mimi na Otieno. Mchana udongo ukakatika upande wa mlango, ukaziba njia. Matimba ya upande wetu yalishika. Tukabaki kwenye nafasi kama ya kitanda, taa imezimika, bega langu liko chini ya gogo moja lililochomoka.

Tuliwasikia wenzetu wanachimba, lakini mbali. Otieno alikuwa anapumua vibaya. Akasema, "Baba Robi, ongea. Pakiwa kimya hivi mimi nitaogopa. Leta zile za mtoto."

Nikamwambia, "Otieno, Robi alikufa."

"Ati? Ndiyo barua uliyopata leo?"

"Mwaka jana. Kabla sijaja huku."

Nikasikia anajigeuza. Nikangoja anitukane, na mle hapakuwa na pa kukimbilia. Mwisho akauliza, "Na ile ya mbuzi?"

"Hakukuwa na mbuzi."

"Aa, Stanslaus." Halafu akasema, "Basi sema zile za kweli. Sema tu, mimi sina mahali naenda."

Nikamwambia zote, hata ile ambayo wewe hujawahi kuisikia. Siku ile ulikuwa unakuja nyuma unakimbia, mimi mbele na baiskeli, tunaiwahi zahanati ya Nyarero. Kabla ya daraja mikono yake ililegea kiunoni mwangu. Niliisikia, Wegesa. Sikusimama. Nilijua nikisimama itakuwa kweli, lakini nikiendelea kukanyaga bado ni mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Nikavuka daraja, nikapanda kilima chote hivyo hivyo. Ndiyo maana siwezi kuitazama ile baiskeli.

Na hapa Genkuru nimefanya yale yale. Siku ya kwanza Otieno aliniuliza kama nina watoto, mdomo ukajibu wenyewe, "Ninaye mmoja, Robi." Huko nyumbani kila mtu akinitazama anajua. Huku hakuna aliyejua. Nikaendelea kukanyaga.

Walitutoa jua likielekea kuzama. Otieno alinishika mkono mbele za watu, akanishikilia. Faridu nilimwambia mimi mwenyewe. Alisema, "Inna lillahi," akakaa kwenye cherehani bila kushona. Kisha akasema, "Na mimi nikamuuliza mama yake yuko darasa la ngapi!" Tangu hapo hanisemeshi. Ana haki.

Uliuliza, nami nakujibu. Meno ya mbele yalikuwa yameota, makubwa, na akicheka alikuwa anayaziba kwa mkono. Alikuwa anasema akikua ataendesha lori. Ni hayo tu. Tangu siku ile ya shimoni hajasema kitu kingine. Namngoja jioni, hasemi.

Nimemwandikia Heche akurudishie baiskeli. Na jina, niite unavyotaka.

Stanslaus


Itiryo,
20 Novemba 1994

Baba Robi,

Nilimsomea mama barua yako, isipokuwa pale penye daraja. Pale nilipasoma peke yangu.

Nikueleze yaliyokuwa nyuma yako. Nilikuwa nakimbia, kifua kinaungua, nakuona mgongo wako unapanda kile kilima, nawe hupunguzi. Nikawa najiambia, kama baba yake anakanyaga namna ile, basi yupo. Kwa hiyo kilima kile mimi nilikipanda nikiwa bado na mtoto. Uliniongezea kilima kizima bila kujua. Sijui kama mtu anashukuru kwa jambo la hivyo. Nimekuandikia ili usidhani ulikipanda peke yako.

Dereva wa lori! Nimelicheka hilo, na nimelilia. Nitakaa nalo.

Gauni nimempa binti mdogo wa Heche. Siku ya kwanza alipopita nalo uani akikimbia niliingia ndani nikafunga mlango. Siku ya pili nilibaki nje.

Sasa hii nyumba ya bati. Ukitaka tuijenge, tutaijenga, nyasi hizi zinavuja kweli. Lakini usiniambie ndiyo tutakayohamia tukaanze kufurahi, kwa sababu nitaingia humo na mimi huyu huyu. Sitaki pia kukudanganya kwamba nimepona. Kuna siku nakaa pale nyuma na jua lipo na uji upo, na ni uji tu. Kuna siku nyingine kitu kinakuja, kidogo, kama mgeni anayepiga hodi mara moja na kuondoka. Ukiwa ndani humsikii. Ndiyo sababu nakaa nje, wala si kwa sababu moyo wangu ni mwepesi.

Vuli imechelewa lakini mawingu yapo. Njoo tupande pamoja, au kaa huko, wewe ni mtu mzima. Ila ukija, ujue kuna wakati nitacheka na wewe huwezi. Usininunie. Na ukinyamaza, mimi sitakuuliza unawaza nini, kwa kuwa nitajua. Ukiweza hivyo, njoo.

Mama anakusalimu. Anasema bega likiuma ulikande na maji ya chumvi, usimsikilize mtu mwingine.

Mkeo,
Wegesa


Genkuru,
11 Desemba 1994

Mke wangu,

Naweza. Sijui kama nitaweza kila siku, lakini nakuja.

Nafasi yangu kwenye duara nimemwachia Otieno na ndugu yake aliyekuja kutoka ng'ambo. Nimewaonyesha namna ya kukagua matimba kila asubuhi kabla mtu hajashuka, nao wameniapia watafanya. Dhahabu niliyopata si ya kusimulia. Athanas anarudi huku Jumamosi, nami nitaondoka naye juu ya magunia matupu. Barua hii anaondoka nayo leo, lakini ninavyomjua anaweza kunifikisha mimi kabla ya barua. Ikichelewa, isome hivyo hivyo nikiwa nimekaa hapo, maana kuna jambo ambalo sitaweza kulisema kwa mdomo.

Jana mvua ya kwanza kubwa ilitukuta kwa mama mmoja anayeuza chakula. Tukajibanza ndani watatu, mimi, Otieno na Faridu. Faridu siku hizi ananisemesha, ingawa ni kwa kunituma tu: lete, shika, sogea. Mvua ilipiga turubai tukawa hatusikiani. Yule mama akatupa muhogo wa kuchoma, wa moto, tukawa tunaumega kwa mkono na kuuchovya kwenye chumvi na pilipili. Nilikula kipande nikachukua kingine. Faridu akanisogezea chumvi bila mimi kumwomba. Nikawa natazama maji mekundu yanavyopita barabarani yamebeba kandambili ya mtu, na Otieno ametoka anaifukuza kwenye mvua, anateleza, anainuka, na kwa kitambo fulani nilikuwa mtu anayekula muhogo mvua ikinyesha. Basi. Hakuna kingine nilichokuwa.

Halafu nikamkumbuka Robi. Ilikuja kama inavyokuja siku zote, hapa kifuani. Nikaacha kutafuna nikangoja muhogo ugeuke mdomoni.

Haukugeuka. Ulikuwa mtamu vile vile.

Mumeo,
Stanslaus